Vyungu Elfu, Mmea Mmoja: Funzo la Mshubiri wa Handeni

Katika miji mingi ya Tanzania, barazani na madirishani, huonekana vyungu na makopo ya maua yaliyopangwa kwa safu. Miongoni mwa mimea ipandwayo humo imo ile midogo yenye majani manono, ambayo huhifadhi maji ndani ya mwili wake kama vile ngamia ahifadhivyo shahamu katika nundu yake. Watu huipenda mimea hiyo kwa kuwa ina sura nzuri, haichukui nafasi kubwa, na haidai mengi kwa mwenye nyumba. Hata hivyo, wapandaji wengi huweza kutoa ushahidi wa jambo moja la kushangaza. Mmea ulionunuliwa ukiwa na afya njema, ukatunzwa kwa bidii na kunyweshwa kila asubuhi, hulegea, hufifia rangi, na kuoza shinani kabla ya miezi miwili kwisha. Ilhali mwenziwe uliosahauliwa nyuma ya jiko, katika kopo lililotoboka, unazidi kunawiri na kuzaa.

Jambo hilo si muujiza, wala si suala la mkono wenye baraka na mkono usio na baraka. Ni suala la sayansi. Mshubiri mdogo wa Handeni, uitwao kwa jina la kitaalamu Aloe dorotheae, ni mfano mzuri wa kulieleza, kwa sababu unafichua makosa mawili yafanywayo na wapenda maua. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kuupenda mmea ni kuupa kila kitu kwa wingi. Kosa la pili ni kudhani kwamba mmea ukisha kuenea katika vyungu vya dunia nzima umeokoka. Kosa la kwanza huua mmea mmoja. La pili laweza kuua spishi nzima huku kila mtu akiamini kwamba ingali hai.

Asili na jina lake

Neno "shubiri" si geni kwa msemaji wa Kiswahili. Kitu kikali kwa ladha husemwa kuwa ni kichungu kama shubiri, na akina mama wengi wamelitumia tone la utomvu wake kumwachisha mtoto ziwa. Utomvu uliokaushwa wa mishubiri ulikuwa bidhaa ya majahazi tangu zama za kale, na ule wa kisiwa cha Sokotra ulisifika kuliko mwingine wote. Jenasi ya Aloe ina spishi zaidi ya 500, zilizoenea Afrika, Madagaska, Uarabuni na katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Zipo zilizo miti mirefu kuliko nyumba, na zipo zinazotosha katika kiganja cha mkono.

Mshubiri wa Handeni ni wa kundi la midogo. Shina lake ni fupi, na mara nyingi halionekani. Majani yake yang'aayo, yenye madoa meupe na miiba midogo pembeni, hujipanga kwa duara kama petali za waridi, na mmea huchipua pande zote hata ukafanya kichaka kizito kilicho karibu na ardhi. Kivulini majani hayo ni ya kijani. Juani, hasa maji yakiwa haba, hugeuka rangi ya shaba, kisha yakawa mekundu kama kaa la moto. Ni wekundu huo ulioupatia mmea huu mashabiki wengi katika nchi za mbali.

Kwa asili mshubiri huu ni wa Tanzania tu, na hata Tanzania haupatikani kila mahali. Nyumbani kwake ni eneo dogo katika wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, ambako humea juu ya majabali yenye udongo haba. Mwaka 1908 Alwin Berger, mtaalamu wa mimea Mjerumani aliyekuwa msimamizi wa bustani ya La Mortola huko Italia, aliueleza kitaalamu na kuupa jina la bibi mmoja wa London, Dorothy Westhead. Hivyo mmea wa majabali ya Uzigua ukabatizwa jina la Kiingereza katika bustani ya Kiitalia na mtaalamu wa Kijerumani. Leo umewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka porini. Bila shaka wako watu wengi ng'ambo wanaoufahamu kwa jina na kwa sura, na wako wakazi wengi wa mkoa wa Tanga ambao hawajapata kuusikia.

Kwa nini maji mengi huua

Ili kuelewa malezi ya mmea huu, hapana budi kuanza na jabali. Mvua ikinyesha juu ya jabali, maji hupita upesi. Yale yanayobaki katika nyufa hukauka kwa siku chache, na baadaye jua huchoma kwa majuma mengi. Mmea uishio hapo hujifunza mambo mawili: kuyadaka maji kwa haraka yanapopatikana, na kutoyapoteza baadaye.

Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya kabonidayoksaidi, ambayo huitumia pamoja na mwangaza wa jua kutengenezea sukari. Lakini kitundu kinachoingiza hewa ndicho hicho kinachotoa mvuke wa maji, na mchana wa jua kali hasara huwa kubwa. Mishubiri hufuata njia nyingine. Mchana hufunga vitundu vyake. Usiku, wakati hewa imepoa na ukavu wake umepungua, huvifungua na kuvuta kabonidayoksaidi. Kwa kuwa usiku hakuna mwangaza, hewa hiyo huwekwa akiba ndani ya seli kwa sura ya asidi. Kunapokucha vitundu hufungwa, asidi huvunjwa, na kabonidayoksaidi iliyotoka ndani yake hutumika kutengeneza sukari kwa nguvu za jua, mlango ukiwa umefungwa.

Ugunduzi wa njia hii una kisa chake. Mwaka 1813 Benjamin Heyne, aliyekuwa akifanya kazi India, aliandika barua kueleza kwamba jani la mmea mmoja mnono, ambao leo huitwa Kalanchoe pinnata, lilikuwa kali lilipoonjwa asubuhi na mapema, likapungua ukali kadiri siku ilivyosonga, na adhuhuri likawa halina ladha yoyote. Hakuwa na chombo chochote ila ulimi wake. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya wanasayansi kueleza kwa ukamilifu kile alichokionja. Mwenye Kalanchoe barazani kwake anaweza kuyaona yale yale aliyoyaona Heyne kwa kuyapima maji ya jani kwa karatasi ya litimasi alfajiri na alasiri, na huo ni uchunguzi halisi wa sayansi.

Sasa msomaji ataona ni kwa nini mmea wa namna hii haustahimili kunyweshwa kila siku. Mizizi yake, kama mizizi yote, huvuta oksijeni iliyomo katika nafasi ndogondogo za udongo. Maji yakijaa katika nafasi hizo siku baada ya siku, oksijeni hukosekana, mizizi hufa, na kuvu waozeshao huingia kupitia mizizi iliyokufa na kupanda hadi shinani. Hapo majani hulegea. Mwenye mmea, akiyaona yamelegea, hudhani ni kiu, naye huongeza maji. Kwa hakika anauzamisha mgonjwa aliyekwisha kuzama.

Malezi chunguni

Malezi yaliyo bora ni yale yanayouiga mwendo wa maji juu ya jabali. Chombo kiwe na tundu chini. Chungu cha udongo uliochomwa hufaa kuliko cha plastiki kwa kuwa hupitisha hewa na kukausha unyevu, lakini hata kopo la rangi lililosafishwa na kutobolewa latosha. Kisahani kikiwekwa chini ya chungu, maji yaliyotuama humo yamwagwe.

Udongo wa bustani peke yake haufai, maana hushikamana na kuzuia maji. Mchanganyiko mzuri ni sehemu moja ya mboji iliyooza sawasawa, sehemu moja ya mchanga mnene wa mtoni, na sehemu moja ya kokoto ndogo au tofali lililopondwapondwa. Mchanga wa pwani usitumike kwa sababu ya chumvi yake.

Kuhusu maji, kanuni ni moja: nywesha kwa wingi, kisha ngoja. Maji yamiminwe mpaka yatokeze tunduni, halafu chungu kiachwe mpaka udongo ukauke hadi ndani. Njia nyepesi ya kupima ni kuchomeka kijiti kikavu hadi chini na kukichomoa baada ya muda. Kikitoka na udongo umekigandia, wakati wa maji haujafika. Katika nyumba ya Dodoma wakati wa kiangazi pengine siku kumi zitatosha kuukausha udongo. Katika nyumba ya Tanga au Dar es Salaam wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, mwezi mzima waweza kupita. Kwa hiyo anayefuata kalenda hukosea, na anayefuata kijiti hupatia. Mvua za masika zikianza, vyungu viwekwe chini ya upenu.

Mbolea iwe kidogo sana: mara moja au mbili kwa mwaka, tena iliyozimuliwa kwa maji mengi. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, majani hurefuka na kuwa laini, na wadudu hupenda majani laini. Adui wa kawaida ni vidung'ata, wale wadudu weupe wanaofanana na vipande vya pamba, ambao hujificha katikati ya majani na hata mizizini. Hao hufutwa kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya sabuni au spiriti, na zoezi hilo hurudiwa kila juma mpaka waishe. Adui mbaya zaidi ni utitiri mdogo usioonekana kwa macho matupu, ambao husababisha vivimbe vya ajabu katika majani na maua. Sehemu yenye vivimbe ikatwe na kuchomwa moto. Isitupwe shimoni penye mboji, na kisu kilichotumika kisafishwe kabla ya kugusa mmea mwingine.

Wekundu na maana yake

Wengi huununua mshubiri huu kwa ajili ya rangi yake, kisha hulalamika kwamba umegeuka kijani baada ya majuma machache sebuleni. Huku ni kutoelewa wekundu huo umetoka wapi. Jua likiwa kali kuliko jani linavyoweza kulitumia, nguvu ya mwangaza inayozidi yaweza kuharibu mitambo ya jani. Mmea hujikinga kwa kuzalisha rangi za jamii ya karotenoidi. Wanasayansi wamekwisha kuchunguza mishubiri mingine inayogeuka mekundu juani, na kukuta ndani ya majani yake karotenoidi nyekundu iitwayo rodozanthini. Mmea ukirudishwa kivulini, wekundu hupungua na ukijani hurejea. Wekundu huo, basi, ni mwavuli, na mwavuli hukunjwa jua likipungua.

Anayetaka rangi hana budi kuupa mmea jua, lakini kwa hatua. Mmea uliokulia kivulini ukitolewa ghafla kwenye jua la adhuhuri huungua na kupata makovu ya rangi ya kahawia yasiyofutika. Uanzishwe kwa jua la asubuhi, kisha uongezewe muda kidogo kidogo kwa majuma mawili au matatu. Jambo la kuangaliwa ni kwamba kuna mpaka kati ya dhiki inayopendezesha na dhiki inayoua. Mmea mwekundu ambao majani yake ya katikati yangali manono na imara una afya. Mmea mwekundu ambao majani yake yamesinyaa na ncha zake zimekauka unateketea, na haifai mtu kuusifu kwa uzuri wake.

Vyungu elfu

Mshubiri huu huzaa kwa urahisi. Machipukizi hutoka pembeni mwa shina, na chipukizi lenye majani manne au matano na mizizi kidogo laweza kutengwa kwa kisu safi. Liachwe kivulini siku tatu hadi saba ili kidonda kikauke, ndipo lipandwe katika mchanganyiko uliotajwa, na lisinyweshwe kwa juma la kwanza. Jani peke yake halifai kupandwa: tofauti na majani ya Kalanchoe, jani la mshubiri likichomekwa ardhini huoza. Kwa njia ya machipukizi, mtu mwenye chungu kimoja aweza kuwa na vyungu kumi baada ya miaka michache, na mia baada ya mingine michache. Ndivyo mshubiri wa Handeni ulivyoweza kuenea duniani.

Hapa ndipo lilipo kosa la pili. Chipukizi si mtoto kwa maana ile ya mtoto wa mbuzi au wa binadamu, aliyechanganya nasaba ya baba na ya mama. Chipukizi ni kipande cha mama yake, chenye jeni zile zile bila tofauti. Ikiwa vyungu elfu vimetokana na machipukizi ya mmea mmoja, basi mbele ya sayansi ya urithi hapo hapana mimea elfu. Pana mmea mmoja uliogawanywa mara elfu. Ugonjwa unaoweza kuuangusha mmoja utaiangusha yote.

Mkoa wa Tanga unalo somo kubwa la jambo hili, nalo ni mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche iliyofika salama ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalianza mashamba makubwa ya mkonge yaliyojulikana duniani kote, kwa maana mkonge, sawa na mshubiri, huzalishwa bila mbegu. Mtu aweza kusema: tazama, mimea 62 ilitosha, hofu ni ya nini? Lakini historia haikuishia hapo. Wataalamu wa Amani na Mlingano walipotaka mkonge wenye mazao makubwa zaidi, hawakuweza kuupata ndani ya mkonge ule ule. Iliwabidi watafute spishi nyingine za Agave, yaani Agave amaniensis na Agave angustifolia, wazichanganye, ndipo ikapatikana ile mbegu chotara maarufu kwa namba 11648. Kama ndugu hao wa mkonge wangalikuwa wamekwisha kutoweka, chotara huyo asingalizaliwa. Nakala husaidia kuzidisha kile kilichopo, lakini hazina uwezo wa kuumba kile kisichokuwapo.

Kwa mishubiri jambo ni zito zaidi. Katika spishi nyingi zilizochunguzwa, chavua ya mmea haiwezi kuutungishia mbegu mmea ule ule. Lazima ije chavua ya mmea mwingine wenye jeni tofauti, ikiletwa na nyuki au na ndege chozi anayefuata asali ya maua. Katika spishi ya namna hiyo, bustani iliyojaa nakala za mmea mmoja yaweza kupendeza macho kwa maua kila mwaka, lakini haitatoa mbegu ya kweli. Na hata mbegu zikipatikana, mara nyingi baba yake ni mshubiri wa aina nyingine uliopandwa jirani, kwa kuwa mishubiri huchanganyika upesi, na kitakachoota ni chotara. Hivyo basi hazina ya kweli ya spishi hii, yaani tofauti za jeni kati ya mmea na mmea, imo katika ile mimea iliyobaki juu ya majabali ya Handeni. Kila mmoja unaong'olewa kwenda kupamba sebule hupunguza hazina hiyo, na vyungu vyote vya dunia haviwezi kuirudisha.

Hoja za wanaopinga

Wako watakaosema kwamba nchi yenye haja ya chakula, dawa na maji safi haina nafasi ya kushughulikia maua ya vyunguni. Hoja hii yastahili kujibiwa kwa heshima. Kwanza, hakuna ajuaye mapema thamani ya mmea. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, alituma kwao mbegu za ua dogo la misitu ya Usambara. Mwaka 1893 ua hilo likapewa jina la Saintpaulia kwa heshima yake, na baadaye likawa mojawapo ya maua ya chunguni yapendwayo mno Ulaya na Marekani. Biashara yake ikajengwa huko, na Usambara ikabaki na jina. Pili, kuulinda mshubiri wa Handeni hakuhitaji mitambo wala fedha nyingi za kigeni. Kunahitaji mchanga, kokoto, kalamu na uangalifu.

Wengine watasema kwamba mwanakijiji anayeng'oa mmea na kuuza anajitafutia riziki, na si haki kumzuia. Ni kweli kwamba riziki ni riziki. Lakini mmea uliong'olewa huuzwa mara moja, ilhali mmea mama uliotunzwa kitaluni huzaa machipukizi kila mwaka. Aidha, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, umeiweka mishubiri yote chini ya uangalizi isipokuwa Aloe vera, na huweka tofauti kati ya mmea uliochimbwa porini na ule uliozalishwa kitaluni. Kwa hiyo njia ya kitalu ndiyo iliyo na mlango wa halali. Kumwonyesha mwanakijiji njia hiyo ni haki zaidi kuliko kumwachia ile inayokwisha.

La kufanya

La kwanza lawahusu wanunuzi. Yafaa kila mnunuzi aulize mmea umetoka wapi. Mmea uliochimbwa porini mara nyingi hujitambulisha: mizizi yake imekatika hovyo, majani yake yana makovu ya zamani, na wenzake walio katika meza ile ile hawalingani kwa umri wala kwa umbo. Mmea wa kitaluni huwa na mizizi kamili na majani safi. Mnunuzi akiukataa ule wa kwanza, mchimbaji atakosa soko.

La pili lawahusu walimu na wanafunzi, hasa wa Handeni na wilaya za jirani. Shule yaweza kutengeneza tuta la mawe lisilohitaji kumwagiwa maji mengi, na kwa kibali cha mamlaka zinazohusika ikapewa machipukizi machache kutoka mimea mbalimbali ya majabalini, bila kuing'oa ile mama. Kila mmea upewe namba na kadi yake: umetoka jabali lipi, tarehe gani, na umechukuliwa na nani. Kadi hiyo ndiyo tofauti kati ya bustani na sayansi. Mmea usio na kumbukumbu hauwezi kurudishwa kwao, kwa maana hakuna ajuaye kwao ni wapi.

La tatu lawahusu wataalamu. Mimea ya nasaba tofauti ichavushwe kwa mkono, huku maua yakifunikwa kwa chandarua kuzuia nyuki wenye chavua ya mishubiri mingine. Mbegu zikikaushwa na kuhifadhiwa penye baridi katika benki za mbegu, zaweza kudumu miaka mingi. Na majabali yenyewe yahifadhiwe, kwa kuwa jabali likipasuliwa kwa kokoto, au moto ukiruhusiwa kupita mwaka baada ya mwaka, hakuna kitalu kitakachoweza kulijenga upya.

Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mshubiri wa Handeni ni mbacha wa Tanzania ambao wageni wameutandika majumbani mwao kwa fahari. Hapana ubaya wageni kuupenda, na hapana ubaya mtu wa Tanga au wa Mwanza kuuweka barazani kwake, madhali umetoka kitaluni, unanyweshwa kwa kipimo, na una kadi ya asili yake. Kinachotakiwa ni kwamba, siku mwanafunzi wa Handeni atakapousoma mshubiri huu darasani, mwalimu wake aweze kumchukua kwa miguu hadi jabalini na kumwonyesha ule ambao haukupandwa na mtu.